Moyo Ulipogeuzwa Ushahidi: Kisa cha Mkaguzi Aliyengoja Kuumbuka

Mhusika wa kisa hiki ameridhia kiandikwe kwa ajili ya mafunzo. Jina lake, aina ya taasisi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Nitamwita Bi. M. Nilikutana naye kama mshauri nasaha.

Usuli

Bi. M. alikuwa mkaguzi wa ndani wa taasisi kubwa kwa zaidi ya miaka kumi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yake ilikuwa ya nyuma ya pazia: alichimba hesabu, akapanga hoja na kuandika ripoti, kisha mkuu wake akaziwasilisha mbele ya kamati ya ukaguzi ya bodi. Wenzake walijua kalamu ni ya nani. Mkuu huyo alipoondoka ghafla, Bi. M. alipewa kiti chake, kwanza kwa kukaimu, baadaye rasmi. Makabidhiano hayakuwapo. Alipewa funguo, nenosiri la mafaili ya idara na tarehe ya kikao kijacho.

Kikao chake cha kwanza kilipita bila swali hata moja. Alisoma slaidi zake, akashukuriwa, akaketi. Alitoka pale akijiona mtu aliyeponea chupuchupu. Kwamba huenda kazi ilikuwa nzuri hadi haikuacha la kuuliza, hilo halikumjia.

Kuna jambo lingine la kuweka wazi mapema, kwa sababu nitalirudia. Mezani pale alikuwa mwanamke peke yake, na kwa umri alikuwa mdogo kuliko wote.

Kilichotokea

Katika kikao cha pili, mjumbe mmoja wa maneno machache alifungua ripoti, akapekua, akauliza: "Bi. M., hii namba ya ukurasa wa 14 umeipataje?"

Lilikuwa swali jepesi. Namba ilitokana na sampuli aliyoichagua yeye mwenyewe, na maelezo ya namna alivyoichagua yalikuwa kwenye kiambatisho alichokiandika kwa mkono wake, kilicholala mezani mbele yake. Lakini kabla swali halijaisha, joto lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Ulimi ukagandamana na kaakaa, vidole vikaanza kufa ganzi. Kiambatisho alikiona, ila maandishi yake hayakuingia kichwani. Akasema, "Naomba nilifuatilie, nitawaletea jibu." Mwenyekiti akajibu sawa, wakaendelea na ajenda. Yote hayo hayakuzidi dakika moja.

Alirudi ofisini, akafunga mlango. Kama nusu saa baadaye alijisikia vibaya kuliko alivyokuwa kikaoni: tumbo limekaza, mwili hauna nguvu, na sura ya yule mjumbe inamrudia tena na tena. Akampigia simu dada yake. "Leo wamenijua," alimwambia.

Wiki zilizofuata mambo yalikwenda kwa mteremko. Viambatisho vya ripoti mpya vilifika kurasa 60. Akawa anabaki kazini hadi usiku, kahawa ikichukua nafasi ya chakula. Kwenye vikao vya menejimenti akanyamaza, hata yalipozungumzwa mambo anayoyajua kuliko wote waliokuwapo. Kikao cha tatu kilipokaribia aliaga kuwa anaumwa, akamwachia msaidizi wake awasilishe. Msaidizi akawasilisha vizuri, na hilo nalo Bi. M. akalihesabu dhidi yake. Ndipo alipoandika rasimu ya barua ya kuomba arudishwe kwenye cheo chake cha zamani. Ofisa rasilimali watu, aliyeonyeshwa rasimu hiyo kwa siri, alimsihi asiipeleke popote kabla hajazungumza na mtu.

Alichokuwa amejaribu

Hakuja kwangu mikono mitupu. Dada mmoja mkubwa kazini, aliyekuwa akimlea kitaaluma, alikuwa amemshauri anunue daftari na kuandika kila alichowahi kufanikisha, alisome kila asubuhi. Bi. M. ni mtu wa kufuata maelekezo, akajaza kurasa kadhaa. Alinionyesha daftari lenyewe. Pembeni ya kila kipengele, kwa penseli nyepesi, aliandika neno au mawili: "nilisaidiwa", "ilikuwa rahisi", "mkuu ndiye aliyeitetea", "nilikesha".

Maandishi yale ya penseli yalinifundisha mengi kuliko yale ya wino. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes, waliokuwa wa kwanza kuieleza hali hii ya mtu kujiona tapeli mnamo 1978, waligundua jambo lilelile kwa wanawake waliofika mbali kielimu na kikazi. Kila fanikio jipya hutafutiwa maelezo mengine: bahati, makosa ya waliomchagua, kazi ya kupindukia. Kwa hiyo mafanikio hayaijazi ile nafasi iliyo wazi. Baadaye hali hiyo ilionekana kwa wanaume pia. Ni vyema ifahamike kwamba si ugonjwa, wala haimo katika miongozo rasmi ya kutambua maradhi ya akili, ingawa wengi huiita hivyo.

Daftari lilishindwa kwa sababu lilibishana na hukumu. Swali tuliloamua kuanza nalo lilikuwa tofauti: hukumu hiyo inatolewa lini, na kwa ushahidi gani?

Tulivyousoma mwili upya

Nilimpa karatasi yenye safu nne: saa, mwili umefanya nini, maneno gani yamekuja kichwani, na nini kilikuwa kinatokea kwa kweli. Ajaze kila anapohisi kwamba "nitaumbuka" imeanza. Nilimwomba azingatie hasa kipi kinatangulia, mwili au maneno.

Alirudi na karatasi zilizojaa, kwa nidhamu ya mkaguzi. Mstari mmoja tuliukalia muda mrefu. Saa nne asubuhi ilitua barua pepe kutoka kwa katibu wa mkurugenzi mkuu. Safu ya mwili: moyo mbio, tumbo limekaza, kabla ya kuifungua. Safu ya maneno: "Wamekaa wakanijadili." Safu ya mwisho: barua ilihusu ratiba ya likizo za wakuu wa idara.

Katika mistari mingi hali ilikuwa hiyohiyo. Mwili ulitangulia, maneno yakafuata kama maelezo ya kilichokwisha kutokea kifuani. Na maelezo hayo hayakubadilika: mimi si mtu wa kiwango hiki.

Hapo ndipo nilipomweleza kinachofanyika ndani. Mfumo wa neva una sehemu inayojiendesha yenyewe, isiyosubiri amri yetu. Ubongo unapohisi hatari, amigdala na haipothalamasi, sehemu mbili za ndani ya ubongo, huamsha tawi la simpathetiki, lile linaloandaa mwili kwa dharura. Adrenalini humwagwa, na ndani ya sekunde chache moyo unaongeza kasi, damu inaelekezwa kwenye misuli, mate yanakauka. Ndiyo hali ya kupambana au kukimbia aliyoieleza mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu akianza kuhema harakaharaka, kaboni dioksidi hupungua kwenye damu na vidole hufa ganzi. Mkondo wa pili ni wa polepole: homoni ya kotisoli huchukua muda kupanda, na kilele chake huja dakika 20 hadi 30 hivi baada ya tukio kuanza.

Bi. M. alinikatiza hapo. "Kwa hiyo ile nusu saa ya ofisini…" Naam. Kikao kilikuwa kimekwisha, swali limepita, lakini kemia yake ilikuwa bado inapanda. Yeye aliketi katikati ya wimbi hilo akidhani anatafakari kwa utulivu jinsi alivyoshindwa.

Kuhusu kichwa kuwa kitupu, maelezo yapo vilevile. Gamba la mbele la ubongo, linaloshika taarifa tunazozifanyia kazi kwa wakati huo na kupanga jibu, hufanya kazi vizuri kwa kiwango cha wastani cha kemikali za noradrenalini na dopamini. Vikizidi, kama kazi za mtafiti wa ubongo Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale zilivyoonyesha, sehemu hiyo hulegea na zile za haraka, za mazoea na woga, zikashika usukani. Jibu la ukurasa wa 14 lilikuwamo kichwani mwake. Kilichokatika ni njia ya kulifikia.

Kwa nini swali dogo la kikaoni liamshe mwili kana kwamba kuna simba mlangoni? Kwa sababu kuhukumiwa mbele za watu ni miongoni mwa vichochezi vikali vya mfumo huu. Mwaka 2004, wanasaikolojia Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara na kukuta kwamba kotisoli ilipanda zaidi pale mtu alipotazamwa na kupimwa na wengine huku mambo yakiwa nje ya uwezo wake. Hata kipimo maarufu cha msongo, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1993, hakina umeme wala kelele: mtu anahutubia jopo lisilotabasamu, kisha anapiga hesabu kwa sauti mbele yao. Nilipomsimulia, Bi. M. alicheka kwa mara ya kwanza. Hotuba, hesabu, jopo lililonuna. Yeye hulipwa mshahara kufanya jaribio hilo kila robo mwaka.

Lakini kilichogeuza mambo alikisema mwenyewe. Nilimuuliza, kama mkaguzi wake mdogo angemletea hoja kwamba mkuu wa idara fulani hafai, na ushahidi pekee uwe kwamba mkuu huyo moyo ulimwenda mbio alipoulizwa swali, angefanyaje. Alizitazama karatasi zake za safu nne. "Ningemrudishia karatasi zake za kazi," alisema. "Ushahidi hautoshi, na hauhusiani na hoja."

Maamuzi na sababu zake

*Daktari kwanza.* Moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kupungua uzito vinaweza kutokana na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kumwambia mtu "ni woga tu" kabla ya vipimo ni uzembe. Vipimo vilikuwa sawa. Alimuuliza daktari kuhusu propranololi, dawa ambayo baadhi ya wasemaji na wanamuziki humeza kabla ya kupanda jukwaani kwa kuwa huzuia adrenalini isiharakishe moyo. Daktari alikataa, kwani Bi. M. ana historia ya pumu na dawa hiyo inaweza kubana njia za hewa.

*Kuondoa vichochezi visivyohusiana na kazi.* Tulipoifuatilia siku ya kikao saa kwa saa, picha ilichekesha na kuhuzunisha. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Alikuwa na vikombe vitatu vya kahawa tumboni. Na chumba cha mikutano kiko ghorofa ya juu, ambako alipanda kwa ngazi, mbiombio, kukwepa kukutana na wajumbe kwenye lifti. Moyo wake ulikuwa juu kabla hajagusa kitasa cha mlango. Akili ilipotafuta sababu ya mapigo hayo, iliyokuwa karibu ilikuwa ileile ya siku zote. Tukaamua: ale, kahawa iwe kikombe kimoja cha asubuhi (nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi), na afike ghorofa ya juu dakika 15 kabla.

*Pumzi ndefu ya kutoa.* Moyo huharakisha kidogo tunapovuta pumzi na kupunguza mwendo tunapoitoa, kwa sababu ya neva ya vagasi inayotoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Pumzi za taratibu, kama sita kwa dakika, utoaji ukiwa mrefu kuliko uvutaji, huipa neva hiyo nafasi. Nyuzi nyingi za vagasi hupeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo, ndiyo maana maneno peke yake huchelewa kutuliza.

Hapa nidokeze jambo. Mitandaoni vagasi imegeuzwa dawa ya kila kitu, na nadharia ya mwanasaikolojia Stephen Porges kuihusu imesambaa kuliko ushahidi wake. Wanafiziolojia kadhaa wanaipinga katika mambo ya msingi. Kwa kisa hiki hatukuihitaji. Ilitosha kujua kwamba pumzi hupunguza mwendo wa moyo.

*Kuupa moyo mbio jina lingine.* Hatukulenga kikao chenye moyo mtulivu, maana hicho kingekuwa mtihani mwingine wa kufeli. Katika majaribio ya mtafiti Alison Wood Brooks yaliyochapishwa mwaka 2014, watu walioambiwa wajisemee "nina hamasa" kabla ya kuhutubia, kuimba au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Mwili wa woga na mwili wa hamasa hufanana sana. Bi. M. hakupenda neno hamasa. Aliliona la uongo. Alichagua la kwake: "Mwili umeingia kazini."

*Mazoezi ya kujibu moyo ukiwa juu.* Msaidizi wake na wakaguzi wawili walikubali kumuuliza maswali bila kumpa taarifa, baada ya kupanda ngazi kwa makusudi. Lengo lilikuwa ubongo ujionee wenyewe kwamba mapigo ya kasi na jibu sahihi vinaweza kukaa pamoja.

*Kupunguza maandalizi.* Huu ndio uamuzi alioupinga zaidi. Kurasa 60 za viambatisho na kukesha vilimlinda, alisema. Nami nikamwonyesha maneno ya penseli: "nilikesha". Alipofanya vizuri, sifa ziliiendea ile kazi ya usiku; alipokosea, lawama zilimwendea yeye. Mtu hawezi kujua kama angesimama bila fimbo iwapo hajawahi kuiacha hata siku moja. Tukakubaliana viambatisho vibaki vile ambavyo angemruhusu mkaguzi mwingine kupeleka, na laptopu ifungwe saa mbili usiku.

*Kutenga shaka ya kweli.* Katika orodha ya hofu zake kulikuwa na moja isiyofanana na nyingine: hakujua vya kutosha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Hofu hiyo ilikuwa na mipaka, ilitaja jambo mahsusi, na ingeweza kumalizwa kwa kusoma. Nyingine zote zilisema kitu kimoja kipana, kwamba hafai. Aliomba mafunzo ya mifumo na kumchukua mtaalamu wa TEHAMA wa taasisi awe anapitia naye rasimu. Hakulionea haya.

Matokeo

Kabla ya kurudi kwenye kamati tulifanya jaribio dogo katika kikao cha menejimenti, na liliharibika. Bi. M. alianza kuhesabu pumzi mkurugenzi akiwa anaongea. Kila baada ya muda aliupima moyo: umeshuka? Haujashuka? Akaombwa maoni na ikambidi aulize swali lilikuwa nini. Alirudi akiamini kwamba hata kupumua kunamshinda.

Tulirekebisha. Pumzi zikawa za kabla ya kikao, ukumbini, na za usiku kitandani. Ndani ya kikao kazi ikawa moja: umakini uende nje. Swali likiulizwa, aliandike kwenye daftari neno kwa neno, amtazame aliyeuliza, ndipo afungue ukurasa. Kuandika kunampa sekunde chache, na kunalihifadhi swali kwenye karatasi pale kichwa kinapoyumba. Tena ni tabia ya kawaida ya mkaguzi. Hakuna mjumbe ambaye angeishangaa.

Kikao cha kamati kilipofika, sauti ilimtetemeka dakika za mwanzo na mikono ilikuwa ya baridi. Yule mjumbe wa maneno machache aliuliza tena, safari hii swali gumu kuliko la kwanza. Bi. M. aliandika, akasema, "Nipe sekunde nifungue ukurasa," akajibu. Swali lingine, kuhusu mfumo mpya wa malipo, hakulijua. Alisema hivyo, akataja lini ataleta jibu na nani atamsaidia. Maneno yalikaribiana sana na yale ya zamani, ila mara hii alikuwa anasema kweli. Mwenyekiti alijibu kwa neno lilelile: sawa.

Wimbi la baada ya kikao lilikuja kwa wakati wake. Alikuwa amejiandaa kutembea nje, na alikuwa ameahidi kutogusa muhtasari wa kikao hadi kesho yake.

Barua ya kurudi cheo cha zamani haikupelekwa. Usingizi ulichelewa kurejea kuliko tulivyotarajia. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi wa nje aliandika maoni makali kuhusu sehemu moja ya kazi ya idara, na Bi. M. akarudi kwenye kukesha, kahawa na viambatisho. Alijitambua mwenyewe siku chache baadaye, akafungua karatasi ya safu nne. "Nitaumbuka" bado humjia. Anaiandika kwenye safu yake, kisha anajaza ile ya mwisho.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa hatua. Tulianza na tukio la mwilini, tukafuata na maana aliyolipa, na mambo ya kujiamini yakaja mwisho kabisa. Wengi huanza na kujiamini. Humwambia mtu "wewe ni hodari" wakati adrenalini iko juu na sehemu ya ubongo inayopaswa kuupima ujumbe huo imelegea. Hata ukikubalika, moyo ukienda mbio kesho yake unaufuta, kwa sababu kwa mhusika moyo ni shahidi wa ndani asiyeweza kusema uongo. Bi. M. hakuhitaji ushahidi zaidi wa uwezo wake, alikuwa na daftari zima. Alihitaji kuukataa ushahidi mmoja batili, na kwa bahati njema taaluma yake ilikuwa imeshamfundisha kufanya hivyo kwa hesabu za wengine.

Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells, katika maelezo yao ya mwaka 1995 kuhusu woga wa kijamii, walionyesha jinsi mtu anavyochukua anachokihisi ndani akadhani ndicho kinachoonekana nje. Bi. M. alikuwa na hakika kwamba masikio yake yaliwaka kikaoni mbele ya wote. Msaidizi wake, aliyekuwamo chumbani, alipoulizwa alikumbuka tu kwamba bosi aliomba muda wa kujibu swali moja. Taarifa hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko maneno yangu ya vikao viwili, nami ningependa mshauri yeyote aitafute mapema: muulize aliyekuwapo aliona nini.

Kuhusu pumzi, kilichofeli ni mahali zilipotumika. Mbinu yenyewe haikuwa na kasoro. Mbinu yoyote ya kutuliza mwili ikigeuzwa kipimo cha kama nimetulia, inakuwa mlinzi mwingine wa kumchunguza mtu, na umakini unahama tena kutoka kwenye swali kwenda kifuani. Ni mtego wa watu wenye bidii. Watafanya zoezi lako kwa ukamilifu uleule uliowafikisha pabaya.

Sehemu ya taasisi ilishughulikiwa kwa kuchelewa na kidogo mno. Mtu amekabidhiwa idara bila makabidhiano, anaulizwa maswali bila taarifa, na hakuna anayefanana naye mezani. Mwili wake ukisema "hapa sijulikani nitachukuliwaje", umesoma chumba kwa usahihi kiasi fulani. Kulibandika jina la kisaikolojia jambo zima ni kulihamishia ndani ya mtu mmoja. Mkurugenzi mkuu alikubali hatimaye maswali makubwa ya wajumbe yatumwe siku mbili kabla. Wapo watakaosema huko ni kumdekeza. Nadhani si hivyo: tafiti zile 208 zilionyesha kwamba kutokuwa na udhibiti ni sehemu ya kichochezi, na kamati inayotaka majibu mazuri haipati faida yoyote kwa kumshtukiza mtu. Maswali ya papo kwa papo yalibaki, kwa hiyo mazoezi hayakupotea.

Udhaifu wa kisa hiki kama somo ni kwamba mambo mengi yalibadilika kwa pamoja: chakula, kahawa, ngazi, usingizi, mazoezi, maswali ya mapema. Haiwezekani kusema lipi lilibeba mzigo mkubwa. Pia Bi. M. hakuwa na mashambulizi ya hofu yanayokuja bila sababu, wala sonona, wala jeraha la zamani lililoamshwa na chumba kile. Angekuwa na mojawapo, mpango huu ungekuwa mdogo mno na ningempeleka kwa mtaalamu wa tiba ya akili. Kwa mwingine mwenye hali kama yake, ningeanza na kahawa, chakula na ngazi kwa wiki chache kabla ya kuongeza lolote, ili angalau tujue ni kiasi gani cha "sifai" kilikuwa njaa.